Barua ya wazi kwa vijana wa barza: Wenger ni mmoja, msimgawe

Assalaam alaykum wanangu,

Nawaandikia huku kwa sababu barzani hapasemeki tena. Mtu akilitaja jina la Wenger tu wengine washarukia, sauti juu, kahawa zinapoa, na nimeskia wapo wawili kati yenu hawapeani hata salamu sasa, watoto waliosoma chuo kimoja, wamekosana kwa kocha Mfaransa alieondoka timu ya Arsenal ya London tangu 2018 na ambae hatujui sisi kwa sura wala kwa jina. Mimi timu hii naifuata kabla wengi wenu hamjazaliwa, basi leo niacheni niseme, mkishamaliza kusoma bishaneni mtakavyo.

Makundi mawili nayaona. La kwanza ukiligusa tu linakutajia 2004, mechi 38 za ligi, kashinda 26, droo 12, kufungwa hakuna, na msururu wenyewe ukaenda mpaka mechi 49, Man U ndo wakaja kuukata Old Trafford mwezi wa Oktoba. La pili kalenda yao inaanza 2011. Wao kila siku ni 8-2 ya Man U, ni zile 6 za Chelsea siku ya mechi yake ya elfu, ni Bayern 5-1 kwenda na 5-1 kurudi, ni kutolewa Champions League duru ya timu 16 misimu 7 mfululizo. Na yote hayo ni kweli! Hakuna mwongo hata mmoja hapo barzani, ndo maana kelele haziishi.

Tabu yenu mnataka wawepo Wenger wawili. Mmoja yule mwerevu wa Highbury, uwanja wa zamani, mwengine mzee alolala wa Emirates, uwanja mpya, halafu kila kundi linachukua wake na kumtupa wa mwenzake. Karafuu ndo tunazichambua hivo, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, kule, kila kimoja na gunia lake (na hayo makonyo yenyewe hatuyatupi, yanakwenda kiwandani Wawi kutolewa mafuta). Huyu hachambuliki. Alikua na tabia moja, akishaona jambo kwa jicho lake haskizi la mtu, hasa kwenye bei na kwenye watoto, na tabia hio hio ndo ilompa makombe na ndo ilomuumbua.

Skizeni. Anaingia 1996 anatokea Japani, Nagoya Grampus Eight, magazeti ya London yanauliza huyu nani. Akakuta wachezaji na bia zao na chokleti zao, akakataza, akaleta samaki na mboga za kuchemsha, watu wakanuna, 1998 wakachukua ligi na kombe la FA msimu mmoja. Anelka kamtoa PSG kwa kiasi cha pauni laki 5, miaka miwili mbele kamuuza Real Madrid kwa zaidi ya milioni 22, na pesa ile ikasaidia kujenga viwanja vya mazoezi vya London Colney. Henry kule Juventus alikua anawekwa pembeni hana raha, Wenger akasema huyu mimi namtaka kati, mwanzo watu wakacheka mana bao alikua halioni, akaja kumaliza na mabao 228 na pale klabuni hakuna aliemfikia. Sol Campbell kamtoa kwa mahasimu wetu Tottenham bure, bure wallahi, na kwao donda lile halijapoa mpaka leo.

Sasa mtu wa namna hio, aliezoea kua bei za wenziwe ni wizi na yeye ana njia yake, atageuka vipi akifika 2013? Ndo akapeleka kwa Liverpool pauni milioni 40 na pauni moja amtake Suarez. Pauni moja! Wakamkatalia mchana kweupe na Suarez akabaki kwao. Nyinyi mnacheka lakini ni yule yule wa Anelka huyo, hakubadilika kitu. Na aliemtia Fabregas timu ya wakubwa akiwa na miaka 16 ndie huyo huyo aliekaa anamngoja Denilson akue na Diaby apone, msimu unakwisha unakuja mwengine, yeye anangoja tu. Huwezi kumsifu kwa Fabregas halafu la Denilson ukasema hilo silijui.

Hapa wa kundi la pili kaeni vizuri. 2006 walihama Highbury, kiwanja cha watu kama 38,000, wakaenda Emirates cha watu 60,000, na jengo lile lilikua la mkopo, gharama inayotajwa ni pauni milioni 390. Ni mwaka huo huo walicheza fainali ya Champions League kule Paris na Barcelona, Lehmann kadi nyekundu dakika ya 18, Campbell akafunga kwa kichwa, watu 10 wakakaza mpaka imebaki kama robo saa, Eto'o, kisha Belletti, basi. (Siku ile nyumbani hakuna alienisemesha.) Sasa deni liko kichwani, huku Chelsea ishanunuliwa na Abramovich tangu 2003, halafu 2008 Man City wakaingia wa Abu Dhabi, watu ambao kwao pesa si neno. Yeye anauza. Henry 2007, Adebayor na Kolo Toure 2009 wote wawili wakaenda City, Fabregas na Nasri 2011, van Persie 2012 akaenda Man U na msimu ule ule wakawa mabingwa kwa mabao yake, lile bado linaniuma. Na pamoja na kuuza kote huko hakutoka top four, misimu 20 mfululizo kuanzia ule aliokuja mpaka wa 2015/16. Mnaita kombe la nafasi ya nne, mnacheka, haya chekeni, lakini ile pesa ya Champions League ndo ilosaidia klabu kupumua na deni lake. Nipeni kocha mwengine aliejengewa uwanja huku anauziwa wachezaji na akabaki pale juu, tukae tumjadili.

Hio 8-2 mnayoipenda ilikua tarehe 28 Agosti 2011, Fabregas na Nasri ndo kwanza wameondoka. Siku tatu mbele dirisha la usajili linafungwa, wakanunua mbio mbio, na mmoja katika walonunuliwa siku hio ya mwisho ni Arteta. Huyo huyo mliokuja kumpigia makofi akiwa kocha. Bila ya aibu ile sijui angefika lini.

Kuna na hawa wanaosema angeondoka Wembley 2014 siku ile ya fainali ya FA na Hull, tumefungwa mbili kabla ya dakika 10 tukarudisha zote na Ramsey akamaliza kazi dakika za nyongeza, ukame wa miaka 9 ukakatika. Ingekua kwaheri nzuri, kweli. Lakini anaesema hivo avue na FA ya 2015 na ya 2017, mana ni za mtu huyo huyo, na hizo ndo zilomfikisha 7 na hakuna kocha mwengine mwenye nyingi kama hizo. Mnataka makombe yake ila yeye hamumtaki, ndo nini hio?

Ule mwaka wa 2017 kule West Brom juu ya uwanja zilipita ndege mbili zinakokota mabango, moja inamtaka aondoke na moja inamuunga mkono, watu wamechanga pesa zao kwa hilo. Nyinyi ndo mnakoelekea, ila hamna ndege. Na nisema hili moja nje ya mada, mnazijua mechi za Highbury moja moja na uwanja wetu wa Gombani hapo hamjatia mguu tangu lini? Timu za kisiwa chenu zinacheza mbele ya viti vitupu, halafu ugomvi wa London ndo mnaupigania.

Nnachotaka kwenu ni hivi. Anaetaka kumtetea Wenger aanze yeye kuzitaja zile kumi za Bayern, asingoje atajiwe. Anaetaka kumlaumu aanze na deni la uwanja na Anelka. Mkifanya hivo mtaona maneno yanavyopungua ukali, mana kila mtu keshasema la mwenzake. Na mliozaliwa baada ya 2004 mnaoleta vipande vya nusu dakika kwenye simu, tafuteni mechi nzima mtazame, mpira wa Vieira, nahodha wa siku zile, hauonekani kwenye kipande. Na kila timu ikidroo msiandike stetasi "angekua Wenger", kocha alieko ahukumiwe kwa alichonacho mkononi.

Mwisho mkitaka na hukumu yangu ntakupeni. Kuanzia 2006 mpaka 2013 mimi simshiki kwa lolote, alibeba mzigo. 8-2 nimemsamehe. Hata Bayern nimemsamehe, Bayern waliwafunga wengi. Nisichomsamehe ni kiangazi cha 2015. Pesa ilikuwepo wakati huo, Ozil alinunuliwa zaidi ya milioni 42, Sanchez nae akaja mwaka wa pili yake, akina Chelsea wakaanguka mpaka nafasi ya 10, City na Man U wamepwaya, ligi iko wazi kama mlango wa msikiti, na yeye akaingia msimu amenunua kipa tu, Petr Cech. Leicester wakachukua, sisi wa pili, pointi 10 nyuma. Anaetaka kumtetea kwa hilo na aje barzani, lakini aje na jina la mchezaji wa ndani ya uwanja, si kipa, alonunuliwa kiangazi kile kuja kucheza timu ya kwanza, mana mimi nimemtafuta sikumuona.

Wassalaam,
Mzee wenu, Chake Chake