Mbolea ya kupandia ikifika Mei imechelewa

Kwa Mhariri,

Kila msimu wa kupanda, mjadala wa mbolea ya ruzuku nchini Kenya huishia kwenye bei: Sh2,500 kwa gunia la kilo 50, kutoka Sh3,500 za mwaka 2022. Hakuna anayebisha kwamba ni nafuu. Kinachomuumiza mkulima wa Trans Nzoia na kaunti jirani ni siku gunia linapofika, na kilichomo ndani yake.

DAP ni mbolea ya kupandia. Gunia moja lina kilo 23 za fosfeti, yaani fosforasi katika umbo la mbolea, na kilo 9 za naitrojeni. Fosforasi haitembei udongoni, hukaa pale ilipowekwa. Ndiyo maana hutiwa shimoni, ikafunikwa kwa udongo kidogo, kisha mbegu ikawekwa juu ili mizizi michanga iikute. Mahindi yakishafika magotini, DAP ya kumwaga juu ya ardhi ni hasara tupu. Wakati huo mmea unataka CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni. Aliyepanda mwisho wa Machi akapata Mei ujumbe wa simu wa vocha, yaani idhini ya kuchukua mbolea ya ruzuku, hajasaidiwa. Alishanunua kwenye agrovet kwa bei ya soko, au alipanda bila mbolea.

Halafu kuna hili la kubadilishiwa. DAP ikiisha ghalani, mkulima huchukua mbolea nyingine iliyopo, 23:23:0. Gunia lake lina kilo 11.5 za fosfeti, nusu ya zile za DAP. Akitumia gunia moja kwa ekari kama alivyozoea, asishangae majani ya mimea michanga yakigeuka zambarau. Karani anayetoa mzigo angemweleza hilo kwa sentensi moja tu. Na yurea, mbolea nyingine ya naitrojeni, isikaribie mbegu kabisa, huiunguza.

Tatizo la vocha huanzia kwenye usajili. Ujumbe hutumwa kwa nambari iliyoandikishwa, na idadi ya magunia hufuata ekari zilizonakiliwa. Laini ikipotea, au ikiwa ilikuwa ya kijana ambaye sasa yuko mjini, vocha inakwenda naye. Aliyeandikishwa ekari mbili, na leo amekodi tatu zaidi, bado huhesabiwa mbili. Mwenye shamba aliyelikodisha naye huendelea kupokea mgao asiouhitaji, na huo ndio mlango wa walanguzi. Kuwasaka barabarani huku orodha ikibaki vilevile ni kazi bure.

Dawa yake haihitaji mtambo mpya. Novemba na Desemba, chifu na naibu wake wasome orodha barazani, jina na ekari, afisa wa kilimo akiwepo. Majirani wanajua nani analima wapi. Nambari za simu zirekebishwe papo hapo na orodha ifungwe Januari. DAP iwe ghalani kabla ya Februari kwisha, CAN ifuate Aprili. Mizigo ipitie vyama vya ushirika vilivyo karibu na wakulima, kwa sababu anayechukua magunia mawili humaliza sehemu kubwa ya nafuu yake kwa nauli ya kwenda bohari la NCPB, bodi ya nafaka ya taifa, na kurudi.

Chokaa nayo iingizwe kwenye vocha. DAP ya miaka mingi huongeza asidi, na pH, kipimo cha asidi ya udongo, ikishuka chini ya 5.5 fosforasi hufungwa udongoni hata kama imetiwa kwa wakati. Lakini chokaa hutaka kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa hivyo hiyo ndiyo ingetangulia kufika, Januari.

Mdau wa kilimo,
Kitale