Barua ya wazi kwa mpwa wangu: noti tano za kuchanganyia muziki wa Misri

Mpwa wangu,

Umeuliza Dina El Wedidi anawezaje kuimba Kimisri hasa, huku pembeni kuna gitaa na vyombo vya nchi nyingine, na wimbo usipoteze ladha. Umeuliza pia bendi yenu, yenye udi, fidla, kinanda na sasa adungu, kinubi cha Uganda, ianzie wapi. Nakujibu hadharani maana wenzako wengi wanakwama hapo hapo.

Dina ni mzaliwa wa Giza, 1987. Anaimba, anatunga, anapiga gitaa na dafu, ile ngoma bapa ya mkononi. Alipitia kundi la maigizo la El Warsha la Cairo, linaloenzi hadithi na nyimbo za kale; mwaka 2012 hadi 2013 akalelewa kimuziki na Gilberto Gil, mwanamuziki wa Brazili; albamu yake ya kwanza ikatoka 2014. Mwaka 2013 alikuwa Aswan na Nile Project, mradi ulioanzishwa na Mina Girgis na Meklit Hadero ili wanamuziki wa nchi za bonde la Nile watunge pamoja. Humo wamepita Sophie Nzayisenga na inanga yake, chombo cha nyuzi cha Rwanda, Steven Sogo wa Burundi, na Kasiva Mutua, mpiga ngoma wa Kenya. Kwa hiyo swali lako si geni: watu wa Misri na watu wa ukanda wetu walishakaa chumba kimoja wakalitafutia jibu kwa vitendo.

Shida ya kwanza ni robo toni, sauti inayokaa katikati ya noti mbili jirani za kinanda. Chukua maqamu, yaani skeli ya Kiarabu, ya Bayati inayoanzia D: D, E iliyoshushwa robo toni, F, G, A, B flati, C. Udi hauna vyuma shingoni, fidla nayo hivyo hivyo, kwa hiyo vidole vinaipata ile E bila taabu. Gitaa na kinanda cha kawaida havina. Mpiga kinanda akigusa E kamili, mwimbaji anavutwa juu. Akigusa E flati, anavutwa chini. Msikilizaji hatajua kosa liko wapi, ila atasema mwimbaji anakosea sauti. Unamwonea bure.

Sasa ondoa E na B flati. Zinabaki D, F, G, A, C. Kisha chukua Rast inayoanzia C: C, D, E ya robo toni, F, G, A, B ya robo toni. Ondoa E na B: zinabaki C, D, F, G, A. Ni noti zile zile tano! Na noti tano ndiyo lugha ya muziki wa Wanubi wa kusini mwa Misri, na ya vyombo vingi vya nyuzi ukipanda na Nile mpaka Uganda. Tyuni adungu yako kwenye hizo tano, nayo itatembea na udi katika Bayati na Rast bila kugombana. E na B waachie mwimbaji, udi na fidla peke yao. Ladha ya Misri imo humo, na hapo ndipo nisipokubali mchezo: usiisawazishe E ili kinanda kipate nafasi.

Mwimbaji akitaka ki (noti ya kuanzia wimbo) ya juu zaidi, hamishia Bayati kwenye G na Rast kwenye F. Noti za pamoja zinakuwa C, D, F, G na B flati, yaani kwenye adungu unapandisha A tu, nusu toni, nyuzi nyingine usiziguse. Panga nyimbo za ki moja zifuatane, mpigaji asityuni mbele ya watu kila baada ya wimbo.

Sikah iache kwa sasa. Maqamu hiyo nyumbani kwake ni ile E ya robo toni yenyewe. Chombo cha noti tano hakina pa kutua.

Kinanda kikiwa na uwezo wa kubadili skeli, shusha E na B kwa senti 50, yaani robo toni, lakini C, E na G usizipige pamoja tena, zitalia vibaya. Piga C na G tu, au D na A. Wimbo ukihamia maqamu ya Nahawand, ambayo haina robo toni, rudisha skeli kabla ya kuingia. Wengi husahau hapo. Na senti 50 ni makadirio: Wamisri huishusha E ya Bayati kidogo zaidi ya ile ya Rast, kwa hiyo katika mawali, yaani mwimbaji anapoachia sauti bila mdundo, kinanda kinyamaze kabisa. Udi ushikilie D.

Mdundo una mtego wake. Maqsum, mdundo wa Kimisri, ni mapigo manne, kila pigo limegawanyika mara mbili (dum ni sauti nzito ya ngoma, tak ni nyembamba): dum tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Ngoma nyingi za kwetu nazo zina mapigo manne, ila kila pigo limegawanyika mara tatu. Mguu unakubaliana, mikono inagombana. Chagueni mmoja anayegawa pigo, mwenye dumbak, ile ngoma ya Kiarabu ya umbo la kikombe, au mwenye ngoma ya kwetu. Wengine wakae kwenye yale manne tu mpaka abadilishane nao. Anzeni polepole, mapigo kama 80 kwa dakika. Na dum nzito iwe ya mtu mmoja. Dumbak, ngoma kubwa na gitaa la besi vikishuka chini pamoja, spika zinatoa ngurumo isiyo na umbo, na maneno ya wimbo yanazama.

Jukwaani, tyunini kwa kufuata chombo kisichobadilika, kinanda au akodiani, halafu wengine wote. Kwenye spika anayojisikilizia mwimbaji weka udi na fidla, kinanda kitoe. Dafu la ngozi hulegea kwa unyevu wa pwani, hivyo lipashe joto mbali kidogo na moto dakika chache kabla ya kupanda, ulijaribu tena baada ya wimbo wa pili. Mkiwa na la plastiki, liwe karibu la akiba.

Nitumie orodha ya nyimbo na ki zake kabla hamjaanza mazoezi.

Mjomba wako