Kwa vijana wangu mnaoandika riwaya

Wanangu,

Jumamosi iliyopita mlibishana mpaka chai ikapoa. Hawa wanasema riwaya haianzwi bila mpango wa sura kwa sura, wale wanasema mpango ni jeneza la hadithi. Nilinyamaza, maana mashimo yote mawili nimeshatumbukia.

Riwaya yangu ya kwanza niliiandika kwenye kaunta buku, nikifuata kalamu inakotaka. Nimefika ukurasa wa 200 najisifu, dada yangu akaisoma, akaniuliza: "Huyu Mwanaidi ana mimba ya tembo?" Kuhesabu, kweli: kashika mimba Aprili, kajifungua Juni ya mwaka uliofuata. Miezi 14!

Basi ya pili nikaipanga yote, hadi nani atakohoa wapi. Wahusika wakawa kama kuku waliofungwa miguu juu ya keria ya basi: wanafika, lakini hawajatembea. Sura ya tisa mzee mmoja alipaswa kumsamehe mwanawe. Mkono ukasita, nikajua kabisa huyu hasamehi. Nikamlazimisha, kisa karatasi imesema. Mhariri aliurudisha mswada, na pembeni mwa ukurasa ule ameandika neno moja tu: "Simwamini."

Yule Mwingereza, Charles Dickens, riwaya zake nyingi zilitoka kwa vipande vya kila mwezi. Kipande kimoja kiko mikononi mwa wasomaji, kinachofuata bado anakiandika. Kosa lililokwisha kuchapwa halifutiki. Kuanzia Dombey and Son, mwaka 1846, akashika desturi ya kuandaa karatasi kwa kila toleo. Upande wa kulia aliandika sura za toleo hilo. Kushoto alijiuliza maswali, fulani aingie sasa?, na kujijibu mwenyewe: ndiyo, hapana, bado. Mimi hiyo "bado" ndiyo naihusudu. Mtu anajua jambo linakuja, na anakubali kulisubiri.

Kwa hiyo andikeni pembeni yale yasiyobembelezeka: tarehe, umri, nani anajua siri gani na tangu lini. (Wewe wa hadithi za upelelezi, muuaji umjue kabla hujaandika sentensi ya kwanza, usinisumbue.) Sura inayofuata iwe na mistari mitatu minne. Za mbele zaidi, ziacheni kwenye "bado".

Mhusika akikugomea, usimchape. Mfuate kurasa tano hivi uone anakwenda wapi. Halafu rudi kwenye kalenda yako uhesabu madeni: mzee akikataa kusamehe, ile karo ya kijana katika sura ya 12 atailipa nani? Mara nyingi hapo ndipo hadithi inapoanza kuwa na moto, kwa sababu sasa hata wewe hujui.

Jumamosi nakuja na lile kaunta buku. Ukurasa wa Mwanaidi nimeukunja pembe, mcheke mnavyotaka. Vitumbua juu yenu.

Bibi yenu