Watoto wa Malindi waelezwe habari za Arnold Theiler

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hujitokeza kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa. Mwanafunzi wa Malindi akipata alama nzuri za baiolojia na kemia, wazazi na walimu humwelekeza kwenye udaktari wa binadamu, na nafasi huko ikikosekana, humwelekeza kwenye ufamasia au uuguzi. Udaktari wa mifugo hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya kumliwaza aliyekosa. Mimi ni mstaafu wa kazi ya afya ya mifugo, niliyoifanya Malindi na Magarini, na nasema bila kusita kwamba tunawanyima watoto wetu taaluma kubwa kwa sababu hatujawahi kuwaeleza ni watu wa namna gani walioijenga. Leo naomba kumtaja mmoja tu, Arnold Theiler, kwa kuwa sifa yake kwa sehemu kubwa ilitokana na maradhi yaliyosafiri kutoka pwani hii yetu ya Afrika Mashariki.

Theiler alizaliwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Frick, nchini Uswisi, na akahitimu udaktari wa mifugo mwaka 1889. Miaka 2 baadaye alihamia Transvaal, ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini, akaajiriwa katika shamba moja karibu na Pretoria, na huko mashine ya kukatia majani ya mifugo ikamkata mkono wa kushoto. Anayeijua kazi hii anaelewa maana ya ajali hiyo, maana mkono mmoja humshika mnyama na wa pili hushika sindano. Theiler hakuiacha kazi. Ndui ilipozuka mwaka 1893 miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Johannesburg, ni yeye aliyetengeneza chanjo. Na sotoka ilipoingia kusini mwa Afrika mwaka 1896 na kufyeka ng'ombe nchi nzima kwa nchi nzima, serikali ya Transvaal ikamfanya daktari wake wa mifugo. Akishirikiana na Herbert Watkins-Pitchford wa Natal, alifanya majaribio ya kuwakinga ng'ombe kwa kutumia maji ya damu ya wale waliopona.

Sotoka na vita vya Waingereza na Makaburu viliiacha kusini mwa Afrika bila mifugo. Ikabidi ng'ombe waagizwe kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1901 na 1902 ugonjwa usiojulikana huko ukaanza kuua ng'ombe katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kisha ukavuka hadi Transvaal. Ndio ugonjwa tunaouita ndigana kali, na vitabu vya sayansi vikaupa jina la homa ya Pwani ya Mashariki. Mwanasayansi mashuhuri kuliko wote wa wakati huo, Robert Koch wa Ujerumani, aliitwa Bulawayo mwaka 1903. Koch alikuwa ameviona vijidudu vidogo vinavyoleta ugonjwa huo katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897, ila wakati ule alidhani ni watoto wa kijidudu cha homa ya mkojo mwekundu, ugonjwa mwingine wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Bulawayo alitambua kwamba ni maradhi mengine, akapendekeza ng'ombe wadungwe mara kwa mara damu ya waliopona. Njia hiyo haikufaulu.

Theiler, ambaye mwanzoni yeye pia alidhani ni homa ya mkojo mwekundu iliyozidi ukali, alirudi kwenye mabanda yake na kuanza kujaribu jambo moja baada ya jingine. Alionyesha kwamba damu ya ng'ombe mgonjwa ikidungwa kwa ng'ombe mzima kwa kawaida haimwambukizi, tofauti kabisa na mkojo mwekundu. Mwaka 1904 alikieleza kijidudu chenyewe kuwa ni aina ya peke yake. Yeye, pamoja na Charles Lounsbury wa Cape aliyefanya kazi kubwa kuhusu kupe, walithibitisha kwamba ugonjwa hubebwa na kupe wa kahawia apendaye sikio. Kupe mchanga akimnyonya ng'ombe mgonjwa, huambukiza baada ya kujivua gamba na kuingia hatua inayofuata ya maisha yake. Akishanyonya mara hiyo ya pili, huwa amejitakasa, wala hayapeleki maradhi kwenye mayai yake. Maana yake ni kwamba malisho yakikaa zaidi ya mwaka mzima bila ng'ombe yanakuwa salama, na kwamba josho likitumiwa kwa siku zinazohesabiwa vizuri huukata mnyororo. Majosho ambayo wazee wa Kigiriama na Waorma waliyaona yakijengwa yalitokana na maarifa hayo. Mwaka 1907 wanasayansi wa Kireno walikipa kijidudu hicho na jamaa zake jina la Theileria, na hadi leo mwanafunzi anayesoma ndigana hulitaja jina la Theiler hata asipojua alikuwa nani.

Kuna kazi yake nyingine ambayo mfugaji wa huku ataielewa mara moja. Wakati wa kiangazi ng'ombe huokota mifupa na kuitafuna, na watu hudhani ni tabia tu. Huko karibu na Vryburg ng'ombe wa namna hiyo walikuwa wakilegea viungo na kufa kwa wingi, na kwa miaka mingi lawama zilielekezwa kwenye majani yenye sumu. Theiler na wenzake waligundua kwamba udongo wa pale ulikuwa na upungufu wa fosforasi, kwamba ng'ombe waliitafuta fosforasi hiyo katika mifupa ya mizoga, na kwamba sumu iliyowaua ilitengenezwa na bakteria waliomo katika mizoga hiyo. Tiba yake ilikuwa unga wa mifupa uliosafishwa, jambo ambalo mfugaji angeweza kulifanya mwenyewe. Katika maisha yake yote ya utafiti, hii ndiyo kazi ninayoipenda zaidi, kwa sababu alianza na kumtazama mnyama anakula nini kabla ya kuiendea darubini.

Hata hivyo, barua hii nimeiandika hasa kwa sababu ya kazi yake ya ualimu. Mwaka 1908 alifungua maabara ya Onderstepoort, kaskazini mwa Pretoria, ikiwa na mazizi na malisho yake, ili anayepima damu asitengane na mnyama iliyotoka kwake. Kwa miaka mingi madaktari wa mifugo wa kusini mwa Afrika walisomea Ulaya, wakarudi wakiyajua maradhi ya Ulaya. Theiler alisisitiza kwamba nchi yenye ndigana na homa ya farasi haiwezi kutegemea watu waliofundishwa mahali pasipokuwa na maradhi hayo. Mwaka 1920 kitivo cha udaktari wa mifugo kikaanzishwa palepale Onderstepoort, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza, na mwaka 1924 wanafunzi wa mwanzo wakahitimu. Alistaafu mwaka 1927, na nafasi yake ikachukuliwa na P. J. du Toit, mmoja wa watu aliofanya nao kazi. Nyumbani kwake pia alilea wanasayansi: binti yake Gertrud akawa mtaalamu mkubwa wa kupe wa Afrika, na mwanawe Max, aliyezaliwa Pretoria, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano. Theiler alifariki London mwaka 1936.

Sisemi kwamba kila alichokijenga kilikuwa cha haki. Shule ile kwa miongo mingi iliwafungia mlango Waafrika, ambao ng'ombe wao walichinjwa na kuzuiwa njiani kwa amri zilizotolewa bila wao kuulizwa. Mtoto anayefundishwa habari za Theiler afundishwe na hilo, kwa sababu linamwonyesha ni nani aliyeachwa nje na kwa nini nafasi hiyo sasa ni yake.

Nayo ndigana haijatuacha. Ng'ombe wetu wa asili wa pwani huipata wangali ndama, wengine hufa, na wanaonusurika hukua na kinga. Lakini mfugaji wa Ganda au Gede anayenunua ng'ombe wa gredi kutoka bara kwa ajili ya maziwa, huku akiwa amekopa ili ampate, humwona akipanda joto, tezi za chini ya sikio zikivimba, akihema na kutoa povu puani, na katika muda wa wiki mbili au tatu amekwisha kufa. Dawa ya kutibu ipo ikiwahi kutolewa. Chanjo nayo ipo, iliyobuniwa hapa Kenya, Muguga, katika miaka ya 1960 na 1970: ng'ombe hudungwa vijidudu hai vya aina tatu pamoja na dawa ya kuvizuia visimuue, na kinga yake kwa kawaida hudumu maisha yake yote. Ila chanjo hiyo sharti ihifadhiwe katika mtungi wa naitrojeni ya maji yenye baridi kali, na anayeitoa awe amefunzwa. Kwa hiyo tatizo letu linahusu watu. Tunahitaji vijana wa hapa, wanaozijua njia za Marafa na Chakama, wanaojua kuzungumza na mzee Mgiriama au Muorma kuhusu ng'ombe wake kwa heshima inayostahili, na waliosomea kazi hii hadi shahada.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwanza, naliomba gazeti lako litenge nafasi, angalau wakati matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kwa habari za madaktari wa mifugo, Theiler akiwa mmojawapo na wa Kenya wakiwamo. Pili, nawaomba wanaogawa basari katika wadi zetu za Malindi na Magarini watenge fungu maalumu kwa mwanafunzi atakayepata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo, Kabete au kwingineko, kwa mapatano kwamba akihitimu atarudi kuhudumu hapa kwa miaka itakayokubaliwa. Masomo haya ni marefu na ghali, na mzazi mwenye mashamba ya minazi na mikorosho tu hawezi kuyamaliza peke yake. Fungu hilo likitengwa, mimi na wastaafu wenzangu tuko tayari kuwapokea wanafunzi hao wakati wa likizo zao na kwenda nao mazizini.

Wako mwaminifu,
Mstaafu wa afya ya mifugo,
Malindi