Kenchi hazitavuka masika mengine

Ndugu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Fundi alipopanda darini mwezi uliopita, alishuka na kipande cha mbao kinachomeguka kama mkate mkavu. Mchwa wamekula kenchi mbili juu ya madhabahu. Halmashauri ya parishi imeamua: Jumapili ya mwisho ya Januari tufanye harambee, ili paa liezuliwe na kuezekwa upya kabla ya masika.

Historia yetu hapa Moshi ilikatika mapema. Machi 1885 Askofu James Hannington alifika Old Moshi kwa Mangi (mtawala wa Kichaga) Rindi, na wamisionari wa CMS, shirika la wamisionari Waanglikana wa Uingereza, wakaweka kituo mwaka huohuo. Mwaka 1892, baada ya Mangi Meli kupigana na Wajerumani, wamisionari hao wakalazimika kuhamia Taveta. Mwaka uliofuata wakaingia wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani. Ndiyo maana Waanglikana tu wachache mlimani, na ndiyo maana jengo hili la mawe, la enzi za Waingereza, tunalipenda hivi.

Ukiingia, birika la ubatizo liko karibu na mlango, kwa kuwa ubatizo ndio mlango wa Kanisa. Kutoka hapo unakwenda moja kwa moja hadi madhabahu, upande wa mashariki. Asubuhi mwanga hupenya yale madirisha membamba yenye ncha, ukaangukia meza ya Bwana. Tulibatizwa hapo, tukafunga ndoa hapo, tukawaaga wazazi wetu hapo.

Wenye haraka watuvumilie kwa jambo moja. Kuta zilijengwa kwa mawe na chokaa, nasi miaka ya nyuma tukaziba nyufa kwa saruji. Tulikosea. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu unanaswa ndani, na mawe sasa yanabanduka kandokando yake. Tutaikwangua yote na kurudishia chokaa, hata kama kazi itakwenda polepole.

Leta ulichojaliwa: fedha, bati, mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, mfuko wa chokaa, au siku moja ya kubeba mawe. Akina mama watapika. Mlio Dar es Salaam na ughaibuni, wasilianeni na mhazini wa parishi. Kila mchango una stakabadhi, na hesabu zitasomwa kanisani kila Jumapili mpaka bati la mwisho lipigiliwe.