Vifaa vya porini kwenye magari ya lami

Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari hupenda kuyasifia magari makubwa ya kifahari kwa wingi wa vifaa vya porini: difu loki (inayofunga difu ili magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja), gia ya nguvu (ya mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi), springi za hewa zinazonyanyua bodi. Sijaona mkiuliza vifaa hivyo vinafanya nini kwenye gari ambalo kazi yake ni kupeleka watoto shule na bosi ofisini. Mimi naona vinazeeka tu, kwa gharama ya mwenye gari.

Chukueni puto la springi ya hewa. Ni mpira, na mpira huchoka hata gari lisipogusa tope. Nyufa nyembamba huanzia pale linapojikunja, hewa ikavuja kidogo kidogo, asubuhi mwenyewe akalikuta gari limelalia kona moja. Akiwasha linanyanyuka, naye anakwenda zake. Kumbe kompresa, pampu inayolijaza puto hewa, imeanza kufanya kazi kupita kiasi. Inapata moto hadi inaungua. Fundi mwenye haraka hubadilisha kompresa na kuliacha puto, na ile mpya nayo haichukui muda. (Springi ya chuma haina mambo haya.)

Gia ya nguvu na difu loki huuliwa na kukaa bure. Mota ndogo inayozihamisha isipozungushwa kwa miaka inaweza kushika kutu na kuganda, na mwenye gari anakuja kujua siku amekwama. Ndiyo maana vitabu vya magari mengi ya fowili huagiza mfumo uwashwe mara kwa mara hata kama hauhitajiki. Nani anavisoma?

Anayeingia porini kweli avipate, tena vilivyo imara. Wengine tuuziwe gari bila hivyo. Porsche Cayenne ya kwanza, ya 2002, ilikuwa na gia ya nguvu. Ya pili, ya 2010, haikuwa nayo. Pamoja na mabadiliko mengine gari likapungua zaidi ya kilo 150, na wateja hawakukimbia.

Basi mkijaribu gari, tuandikieni ni kifaa gani mnunuzi anaweza kukikataa. Na anayenunua lililotumika, kabla ya kutoa pesa amwambie muuzaji apandishe na kushusha bodi, kisha aingize gia ya nguvu na kufunga difu, kwenye changarawe, si kwenye lami. Akijibiwa "hiyo huwa hatuitumii", ashushe bei.

Msomaji wenu