Barua ya Malalamiko: Priampu Mliyoniuzia kama ya Vali na Transfoma

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Muziki,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: PRIAMPU YA MAIKROFONI ISIYOLINGANA NA TANGAZO, NA OMBI LA KUREJESHEWA PESA

Nawaandikia kuhusu priampu ya maikrofoni ya chaneli moja, yaani kifaa cha kupandisha umeme mdogo wa maikrofoni kabla haujarekodiwa, niliyoinunua kwenu kwa shilingi 38,500, nikalipa kwa M-Pesa, mkaituma Mombasa kwa basi. Tangazo lenu lilisema ina vali halisi (ile taa ya kioo ya kukuzia umeme, kama ya redio za zamani), ina transfoma (koili za waya wa shaba zilizozungushwa kwenye chuma), na inatoa sauti nzito ya Uingereza ya miaka ya 1970. Kifaa kilichonifikia hakina hata transfoma moja ya sauti, na vali yake haipati umeme wa kuiwezesha kufanya kazi ya vali. Nataka nirudishiwe pesa zangu na tangazo lile lirekebishwe. Naeleza kwa kirefu kwa sababu nilipopiga simu, mhudumu wenu aliniambia kwamba ladha ya sauti ni mambo ya sikio la mtu, kwa hiyo hayawezi kulalamikiwa.

Yanaweza. Ladha ya priampu inatokana na vitu vinavyoshikika: chuma, waya wa shaba, vali, volti. Vikiwemo, vinaonekana na vinapimika. Visipokuwemo, hakuna sikio litakalovisikia.

Mimi narekodi nyumbani: kasida, tarabu ya udi na fidla, na tenzi zinazosomwa na mama zetu wa hapa Mji wa Kale ambao sauti zao hazijawahi kuhifadhiwa popote. Chumba changu kiko juu ya kichochoro. Mikokoteni ya maji hupita, bodaboda hupita, majirani huitana madirishani. Maikrofoni ya kondensa, iliyo nyepesi kusikia, huvichukua vyote hivyo, kwa hiyo natumia ya dainamiki, isiyovuta sauti za mbali, Shure SM7B, na msomaji naye hukaa karibu nayo kiasi cha shubiri. Bei ya utulivu huo ni kwamba maikrofoni hiyo hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 1.1 tu kwa sauti yenye shinikizo la paskali moja. Kwa sauti ya mtu mzima anayesoma utenzi polepole, nahitaji geini ya desibeli 60, yaani kuupandisha umeme huo mara 1,000, na pengine zaidi. Intafesi yangu, yaani kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, hufika huko ikiwa imezungushwa karibu na mwisho, na hapo huanza kutoa mvumo wa mchanga nyuma ya maneno.

Hata pale inapofika bila mvumo, sauti yake ni safi tupu. Sidharau usafi huo. Qanuni naipenda hivyo hivyo, kila uzi ujisimamie. Lakini sauti ya bibi wa miaka sabini, iliyokwisha kupungua mwili, ikirekodiwa kwa usafi mtupu hubaki nyembamba, na anayesikiliza husikia uzee kabla ya kusikia maneno. Sauti hiyo inahitaji kifaa cha kuirudishia unene wa chini na kulainisha ncha za s na sh. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, na nilijifunza kwanza kabla ya kununua.

Nilizitazama familia zile za priampu ambazo watu wa studio huzirejea sikuzote. Ile ya kampuni ya API ya Marekani, iliyojengwa juu ya ampu ndogo iitwayo 2520, ina pigo la haraka na la mbele. Kwa dumbaki na ngoma sijui kama kuna bora yake, lakini kwa utenzi wa taratibu naiona inamsukuma msomaji. Ile ya vali, mfano wa ampu ya V72 ya Kijerumani iliyotumika kwenye meza za kuchanganyia sauti za EMI katika studio ya Abbey Road, London, au 610 ya Mmarekani Bill Putnam, huongeza zaidi harimoni ya pili, yaani mlio wa ziada wenye hezi mara mbili ya noti yenyewe. Uzi wa udi ukilia hezi 110, harimoni ya pili ni hezi 220, yaani noti ile ile oktavu moja juu, ndiyo maana sikio huisikia kama utimilifu wala si kama kasoro. Ya tatu ni ile ya Neve. Rupert Neve, mhandisi wa Uingereza, alitoa moduli ya priampu ya 1073 mwaka 1970, yenye transfoma mlangoni, transfoma nyingine wakati wa kutoka, na geini inayofika desibeli 80. Chuma cha transfoma huanza kushiba kwa sauti za chini kwanza na kuziacha za juu karibu kama zilivyo. Besi hujaa, maneno hayazibwi. Kwa kazi yangu hiyo ndiyo iliyonivutia kuliko zote.

Hapo ndipo tangazo lenu lilipopaswa kumtia shaka mwenye kuliandika, na naomba mlitazame upya. Neve ya mwaka 1970 haina vali hata moja. Ni transista (vipande vidogo vya kukuza umeme vilivyochukua nafasi ya vali) za klasi A na transfoma. Anayeahidi vali na sauti hiyo kwa pumzi moja ameunganisha maneno mawili yenye sifa bila kuangalia kifaa anachokiuza. Mimi niliyachukua kwa maana yake ya wazi: priampu yenye hatua ya vali na transfoma za sauti, kama zinavyotengenezwa na wengi. Niliuliza kabla ya kulipa, kwa maandishi, kama transfoma ipo. Jibu lenu, ambalo ninalo kwenye simu, ni "Ndiyo, iko ndani."

Kifaa kilipofika, uzito wake ulinishangaza. Transfoma mbili za sauti, zikiwa ndani ya vikopo vyake vya chuma cha kukinga mvumo, hulemea mkono. Kile kiliinuka kwa vidole viwili. Niliwaandikia nikiomba picha ya ndani, mhudumu akakataa. Ndipo nilipokifungua mwenyewe kwa bisibisi, nikiwa na fundi wa redio wa mtaani kwetu ambaye ametengeneza ampu za vali tangu ujana wake. Skrubu hazikuwa na lakiri wala karatasi ya onyo, nalisema hili mapema ili suala la waranti lisiletwe mbele kama kizuizi.

Ndani kuna bodi moja ya kijani inayojaza robo tatu ya sanduku. Kutoka soketi ya maikrofoni nyaya zinapita kwenye kapasita mbili na kuingia moja kwa moja kwenye chipu ya miguu minane. Hakuna kopo la chuma, hakuna koili, hakuna chochote kati yake. Vali ipo, 12AX7 ya kawaida, imesimama kwenye soketi yake ya matundu tisa nyuma ya kidirisha. Chini yake imegundishwa taa ndogo ya LED ya rangi ya chungwa. Mwanga ule mzuri unaoonekana kwa mbele, ule ule uliopigwa picha kwenye tangazo lenu, unatoka kwenye taa hiyo. Fundi aliizima kwa kuondoa waya wake mmoja, vali ikabaki na wekundu hafifu usioonekana mchana.

Kisha akapima. Kwenye 12AX7, anodi, yaani sehemu za vali zinazopewa umeme mkubwa, ziko mguu wa 1 na wa 6. Vali hiyo katika saketi iliyojengwa vizuri kwa kawaida hupewa volti 100 hadi 250 hapo, kwa sababu bila nguvu hiyo haina nafasi ya kuipeleka sauti juu na chini kwa ulaini. Kwenye kifaa chenu mita haikufika volti 50. Kinaendeshwa na adapta ya volti 12, na hakuna sehemu ya kuipandisha hadi inapotakiwa. Vali katika hali hiyo ni jahazi lililotwekwa tanga pasipo upepo. Fundi aliichomoa kabisa, kitufe cha kuongeza "joto" la sauti kikiwa kwenye sifuri, na sauti ya maikrofoni ikaendelea kutoka kama kawaida. Maana yake njia kuu ya sauti haipiti kwenye vali, ila kuna kijia cha pembeni kinachochanganywa kwa kitufe hicho.

Nilijaribu pia kwa masikio na kwa kompyuta. Nilipitisha mlio wa hezi 100 na kuutazama kwenye programu. Kitufe kikiwa chini ya nusu, picha ni ile ile ya intafesi yangu. Kikivuka hapo, mlio unakatwa vichwa na kutoa mkwaruzo mkavu, na besi haijai hata kidogo. Kwa sauti ya mtu, mkwaruzo huo unakaa kwenye herufi zile zile za s na sh nilizotaka kuzilainisha. Na geini niliyoihitaji nayo haikupatikana: nikikipandisha mpaka SM7B isikike vizuri, mvumo wake unazidi ule niliokuwa naukimbia.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wauzaji wa vifaa vya sauti hamna budi kulijua. Transfoma ya mlangoni haipo kwa ajili ya ladha peke yake. Ikiwa na uwiano wa 1 kwa 10, hupandisha volti kwa desibeli 20 kabla umeme wa kifaa haujaigusa sauti, ndiyo maana priampu nyingi za namna hiyo hutulia sana kwa maikrofoni za dainamiki na za riboni. Anayeuliza "transfoma ipo?" huenda anauliza kuhusu ladha, na huenda anauliza kuhusu mvumo. Mimi nilikuwa nauliza yote mawili.

Nilipowapigia tena kuwaeleza, jibu la mhudumu wenu ndilo lililonifanya niandike barua hii. Alisema transfoma iliyotajwa kwenye tangazo ni ile iliyo ndani ya adapta ya umeme. Meneja, kila chaja ya zamani ya redio ilikuwa na transfoma ya umeme. Hakuna mteja anayetangaziwa priampu kwa sifa ya chaja yake. Na maandishi yenu yalisema "iko ndani". Jibu hilo limeniumiza kuliko hasara yenyewe, kwa sababu linachukulia kwamba mtu anayerekodi chumbani mwake hawezi kujua tofauti.

Pesa hizo kwangu si kidogo. Kikundi cha kasida kilichangia sehemu yake ili turekodi kabla ya maulidi, na kazi hiyo imesimama. Wengi wanaonunua kwenu wako hivyo: vijana wa Likoni na Kisauni wenye kompyuta moja na maikrofoni moja, wanaojinyima ili wapate kifaa kimoja chenye sauti. Hawana namna ya kukisikiliza kwanza, wanategemea maneno mnayoyaandika. Neno "vali" na neno "transfoma" ndiyo yanayowafanya waongeze shilingi elfu ishirini juu ya bei ya intafesi ya kawaida.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi bidhaa hiyo ipasavyo. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 nayo inakataza kumweleza mteja kwamba bidhaa ina sifa au sehemu ambazo haina. Sidai kwamba mlikusudia kunidanganya. Nasema maelezo hayakuwa ya kweli, na mlipoonyeshwa hamkuyasahihisha.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mnirudishie shilingi 38,500 pamoja na nauli ya basi, kwa nambari ile ile niliyolipia, na mje mkichukue kifaa kwa gharama yenu. Kiko kamili, vali iko mahali pake, waya wa taa umerudishwa. Muondoe neno "transfoma" kwenye tangazo, muondoe "sauti ya Uingereza ya miaka ya 1970", na mwandike wazi kwamba vali inachanganywa pembeni na inaendeshwa kwa volti ndogo. Wapo watakaokipenda hivyo kwa gitaa la umeme, na ni haki yao wajue wanachonunua. Kama mnayo priampu nyingine yenye transfoma ya sauti mlangoni na geini isiyopungua desibeli 65, niko tayari kubadilishana na kuongeza tofauti ya bei, kwa sharti kwamba kwanza mnitumie picha ya bodi yake ikiwa imefunguliwa na jina la transfoma likisomeka.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitaipeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya pamoja na vielelezo vyote. Nimeambatisha nakala ya tangazo, ujumbe wa M-Pesa, jibu lenu la maandishi kuhusu transfoma, picha za ndani ya kifaa na za mita ikiwa kwenye mguu wa 1 na wa 6, na rekodi mbili fupi za msomaji mmoja, moja kwa intafesi yangu na moja kwa priampu yenu. Tafadhali msikilize kwa spika, msitumie simu.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja wenu, Mombasa